Mzee Telesfori Hakuulizwa Neno

Redio iliongea kabla Vestina hajabana waya wa betri.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi, ukungu wa Kayanga umelala dirishani, na kibanio kiko bado mkononi mwake. Spika ikakohoa. "Kayanga, Kayanga. Isingiro hapa." Akajiambia labda waya umegusa. Haukugusa. Tusidanganyane: aliona haukugusa, akaubana haraka ili asiwe na haja ya kukumbuka.

Sauti ilikuwa ya Mzee Telesfori, msimamizi wa visima kule Isingiro.

Mwaka huo, 1993, mradi wa maji ulikuwa na redio tatu: makao Kayanga, nyingine Nkwenda na Isingiro. Mwaka uliotangulia mwizi alikuwa amejifanya msimamizi hewani, akaagiza mapipa mawili ya dizeli yapelekwe njia ya mpakani, nayo yakapelekwa. Basi bosi, Bwana Rwezaura, akaweka kanuni. Kila Jumamosi Vestina aandike neno moja kwenye vikaratasi, avifunge ndani ya bahasha, dereva azigawe. Anayeita na hana neno la wiki, haingizwi, wala agizo lake halifuatwi.

"Hata mimi," alisema Rwezaura. "Nikilikosa, nifukuze."

Vestina aliwauliza wote isipokuwa mmoja. Mzee Telesfori ndiye aliyemfundisha kushika kipaza sauti. Ndiye aliyechimba kaburi la baba yake kwa mikono yake. Mzee wa namna hiyo ukimwambia "toa neno", umemwambia "huenda wewe ni mwizi". Kwa hiyo kila asubuhi alimwamkia tu, kisha akaandika daftarini: *Isingiro, neno limetolewa.* Mwaka mzima aliandika hivyo.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakusema marahaba. Yalisikika maji tu, tone, tone, kama yanadondoka kutoka juu sana.

"Mtume fundi Sibomana," sauti ikasema, nzito, kama ya mtu mwenye maji mdomoni. "Kisima cha juu. Bomba limeziba. Ashuke peke yake, asisubiri mtu."

Hakuna fundi aliyeruhusiwa kushuka kisimani peke yake. Vestina alilijua hilo. Lakini angembishiaje mzee? Akaandika *neno limetolewa*, akaita Nkwenda, kituo cha Sibomana.

"Ashuke peke yake?" Sibomana akacheka. "Dada Vestina, mke wangu ana mimba ya miezi minane, usimfanye mjane. Mzee kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Neno katoa?"

Vestina akaangalia ukuta. "Katoa."

"Basi napanda baiskeli."

Saa tatu na nusu Isingiro ikaita tena. Safari hii alikuwa Kokwijuka, mtunza stoo, na aliongea kwa kunong'ona.

"Jembe," alisema. Ndilo lililokuwa neno la wiki. "Dada, Mzee Telesfori hatunaye. Tumemtoa alfajiri kwenye kisima cha juu. Alitumbukia jana jioni. Tupo wote msibani."

"Jana? Mbona asubuhi hii ameniita?"

"Kwa redio ipi? Chumba cha redio kilikuwa kimefungwa. Ufunguo nimeutoa sasa hivi mfukoni mwake, umejaa tope."

Hapo harufu ikaanza kutoka kwenye matundu ya spika, tumbaku ya kiko iliyolowa, ile ile ya Mzee Telesfori, na chini yake harufu ya tope baridi la mahali pasipofikiwa na jua, na Vestina alipobonyeza kitufe apige kelele kwamba Sibomana yuko njiani, kwamba wakimbilie kisimani wamzuie, sauti yake ilitoka kinywani ikaishia hapo hapo chumbani, kwa sababu hewani palikuwa na matone tu, na juu ya matone ile sauti nzito, tulivu, ikisema na kusema tena: "Umeniingiza mwenyewe. Umeniamkia, ukanifungulia. Acheni wa nyumbani tuongee."

Bwana Rwezaura alitoka ofisini mwake shati limelowa jasho. Nyuma yake Evangelina mfagiaji, mama aliyetoka Muleba, akadondosha ufagio.

"Mawe waitu, mama wee," akanong'ona. "Hilo si Telesfori. Hilo ni jini la kisima, limevaa sauti yake. Bibi yangu alikuwa mfumu, mganga wa jadi, alisema lililokaribishwa kwa heshima haliondoki mpaka aliyelikaribisha alivunjie heshima. Binti, kuna kitu ulipaswa kumuuliza ukamwonea haya?"

Vestina akatazama daftari.

"Neno si lilitolewa?" Rwezaura akachukua daftari. "Umeandika hapa."

Saa ilikuwa inakwenda saa nne. Bila shaka Sibomana alikuwa ameshafika. Vestina alihisi uso unawaka moto, na aibu ile, aseme mtu atakavyo, ilimwuma kuliko hofu.

"Niliandika uongo, bwana. Leo na mwaka mzima. Sijawahi kumwuliza hata siku moja."

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kama sauti ingetoka, vituo vyote vingesikia.

"Isingiro, toa neno la wiki."

Matone yakakoma. Kisha ikaja sauti ya Telesfori mwenyewe, safi, ya mzee aliyeumizwa na mtoto aliyemlea.

"Mwanangu. Unaniuliza mimi?"

Machozi yalimtoka. "Toa neno."

"Mimi niliyemzika baba yako?"

"Huna neno!" Vestina alilia kama anayempiga mzazi wake kofi. "Wewe si mzee wangu! Toka!"

Spika ikapiga kwikwi moja. Harufu ikakatika.

"Kayanga, jembe, jembe!" Ni Kokwijuka. "Nini? Tunakuita hatukupati!"

"Kisima cha juu! Sibomana!"

Watu wa msibani walimkuta ameshaingia hadi kifuani, kamba imefungwa kwenye mti, anaongea na mtu wa chini. Wanaume wanne walimvuta, na kwa muda kulikuwa na kitu kinachovuta upande wa pili. Alitoka hai. Alisema mzee alikuwa chini anamwinulia taa. Kwenye kifundo cha mguu wake palikuwa na tope lenye alama za vidole vitano, nalo lilikataa kutoka hata kwa sabuni.

Rwezaura hakumfukuza Vestina. Afadhali angemfukuza. Jumatano Sibomana alipita ofisini akichechemea, akasema, "Uliniambia katoa, dada," akaondoka bila kunywa chai.

Jumamosi Vestina aliandika neno jipya. Hakulitamka. Alifunga bahasha kwa gundi, mlango akiwa ameufunga kwa komeo, na dereva akaondoka nazo.

Jumatatu aliingia saa moja. Ukungu ulikuwa dirishani. Kibanio kilikuwa mezani, hajakigusa.

Tone. Tone.

"Marahaba, mwanangu," redio ikasema.

Safari hii hakuona haya. "Toa neno," akasema.

Sauti ikamtajia. Lilikuwa neno lenyewe, lile lililokuwa ndani ya bahasha.

Kanuni ya Bwana Rwezaura ilikuwa wazi: anayetoa neno aingizwe. Daftari lilikuwa wazi mbele yake, na kalamu. Kwa mara ya kwanza kwa sauti ile, angeandika *neno limetolewa*, na isingekuwa uongo.