Mgeni Aliyesindikizwa na Hasina

Kila asubuhi Faraj alikuta viatu vyake vimegeuzwa. Alivivua mlangoni ncha zikielekea ndani, akiamka vinatazama barabarani, vimepangwa sawasawa, kana kwamba vinamngoja aondoke. Makubadhi ya mkewe hayakuguswa.

Alimshuku Hasina. Si yeye aliyemsimulia kwamba Japani, ukilala nyumba ya wageni, mhudumu hukugeuzia viatu ili ukitoka uvivae bila tabu? Hasina alikana. Faraj hakuamini, na tuseme ukweli, wivu alikuwa nao hata kabla ya jini kuingia nyumbani mwao. Alikuwa dereva wa lori kati ya Houston na Dallas, likizo akanyimwa, mkewe akasafiri Japani peke yake. Basi kila picha aliyotumiwa aliikuza kwa vidole akitafuta ni nani aliyeshika kamera.

Hasina mwenyewe alizaliwa Houston kwa wazazi wa Unguja, akawa muuguzi, wakanunua nyumba Pearland. Alijiona Mmarekani wa kwenda popote, lakini Japani ilimshinda. Treni imejaa pomoni na hakuna anayeongea. Mkahawani kila mtu ana kijichumba chake cha mbao, anakula akitazama ukuta. Hasina alilelewa kwamba hutii tonge mdomoni kabla ya kumkaribisha aliye karibu, hata kama unajua atakataa.

Usiku wa mwisho, katika nyumba ya wageni milimani, aliletewa chakula chumbani. Nyuma ya mlango wa karatasi aliona kivuli cha mtu ameketi kimya. Akashindwa kuvumilia.

"Karibu tule," alisema.

Kivuli kikainama kwa adabu.

Ndiyo maana aliporudi Pearland, jua likichoma nje, chumba cha kulia kilinuka majani makavu yaliyonyeshewa mvua. Ndiyo maana wali ulipungua upande usiokaliwa na mtu. Na magharibi moja Faraj aliporudi kutoka Dallas mapema kuliko alivyotarajiwa, alisikia kicheko cha mkewe, kile cha chini alichodhani ni chake peke yake, kisha mtu akinywa mchuzi kwa kuuvuta taratibu, akinyamaza, akivuta tena, naye akasimama ukumbini mpaka wivu ukamsukuma pale ambapo ujasiri ulikuwa umeshindwa. Akafungua. Sahani mbili, zote zinafuka moshi. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

"Unamchekea nani?"

"Wewe huwa hupo, Faraj," Hasina alinong'ona. "Yeye hunisikiliza."

Maneno hayo yalimuuma kuliko hofu. Akampigia shangazi yake, Bi Yumna wa Garland, ambaye watu humwendea awasomee. Bi Yumna alikuja, akafukiza udi, akasoma. Moshi ulienea kila mahali ila juu ya kile kiti. Akawavuta wote wawili jikoni na kuwaeleza kwamba huyu hakuvamia, alikaribishwa, na aliyekaribishwa hafukuzwi kwa fimbo.

"Hasina atamuaga," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe, mwanangu, utamsindikiza mpaka barabarani, kwa heshima. Mwenye nyumba ndiye anayesindikiza. Usipofanya hivyo, atajua nyumba haina mwenyewe."

Hasina aliaga. Aliaga huku analia, na machozi yale ndiyo yaliyoharibu kila kitu, kwa sababu Faraj aliyaona. Kiti kikasogea nyuma chenyewe. Harufu ikapita mbele yao, ikaelekea mlangoni, ikangoja. Bi Yumna akamgusa mpwawe begani. Faraj alikunja mikono, akabaki ameketi.

"Nimsindikize aliyekula na mke wangu? Aende zake."

"Inuka, Faraj."

Hakuinuka. Basi Hasina, ambaye hakuweza kumwacha mgeni atoke peke yake, akavaa makubadhi yake na kutoka. Walimwona dirishani akienda polepole hadi kona, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayesikiliza. Baadaye akarudi. Bi Yumna alifungasha jioni ileile bila kuonja chakula, wala hakumtazama mpwawe machoni.

Faraj alifurahi. Harufu ilikuwa imekwisha, na usiku huo alilala fofofo.

Kesho yake aliporudi kutoka kazini akavua viatu, akaingia, akamkuta mkewe mezani. Sahani zilikuwa mbili. Akasimama akingoja kukaribishwa. Hasina hakuwahi kuacha kumwambia karibu tangu waoane, hata siku walizogombana na kununiana. Lakini alikula tu, macho chini, bila haraka, na harufu ya majani yaliyonyeshewa ikapanda kutoka sakafuni, ikamfika Faraj magotini, ikamfika kifuani, ikamfika kooni.

"Hasina," aliita.

Hasina aliinua uso. Hakumtazama yeye. Alikitazama kiti cha mbele yake, akauliza kwa upole, "Umesikia kitu?"

Faraj akageuka kuelekea mlangoni. Ulikuwa wazi. Viatu alivyovivua sasa hivi vilikuwa nje ya kizingiti, vimepangwa sawasawa, vinatazama barabarani.