Aliyeonja kwa Ajili ya Wageni

Kule Karuba, nyumbani kwa Papa Bisengimana, kila asubuhi watu walinunua maziwa. Jumapili walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Mama Nyirabahire aliitengeneza vizuri mpaka wageni wakasahau njia ya kwao.

Lakini watu waliogopa sumu. Mgeni hakunywa mpaka mtu wa nyumbani aonje kwanza. Kazi hiyo Papa alimpa binti yake Uwamahoro, mwanafunzi wa shule ya msingi.

"Onja, dada!" wageni walimtania. "Ukianguka, siye tunakimbia!"

Walicheka. Uwamahoro naye alicheka, akanywa.

Baadaye akaanza kuonja hata wageni wasipokuwapo. Akasinzia darasani. Macho yakawa mekundu.

"Ni moshi wa jikoni," alisema. Mama akaamini.

Jumapili moja Uwamahoro alienda kuchota maji, amembeba mgongoni mdogo wake Cyusa. Hakurudi. Walimkuta chini ya mteremko, amelala, haitiki. Cyusa alikuwa analia. Mkono wake ulikuwa umevunjika.

"Wamemupa mutoto wangu sumu!" Mama alipiga kelele. "Leteni maziwa anywe!"

Jirani yao, Mama Hélène, anayefundisha watu mambo ya afya kijijini, alifika mbio. Akamshika Mama mkono.

"Usimunyweshe kitu! Hajitambui. Maziwa itaingia mu mapafu, afe. Tumulalishe ubavu. Papa, tafuta pikipiki!"

Kisha akanusa mdomo wa msichana.

"Sumu gani? Hii ni kanyanga, ile pombe kali munamutumaka kununua. Na kasiksi juu yake."

"Mutoto wangu hakunywaka!" alisema Papa.

"Hakunywaka? Kila Yumapili unamupa kikombe mbele yetu, na siye tunacheka."

Papa akakimbia kutafuta pikipiki.

Hospitalini Uwamahoro alichelewa sana kuamka. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Cyusa iko wapi?" Papa akavua mkanda. Mama Hélène akasimama katikati.

"Ukimupiga, atajua kujificha tu. Ubongo ya mutoto ingali inakomaa, pombe inaiharibu. Na mwenye kuanza mapema, pombe inamushika mbio. Huyu hakuanza peke yake, Papa. Njo wewe ulimuanzisha."

"Sasa nifanye nini?"

"Onja mwenyewe. Mutoto asionje, asimimine, asitumwe kununua pombe. Dumu za pombe zifungiwe. Na jioni umuulize ameshinda na nani. Halafu unyamaze, umusikilize. Wewe unapendaka sana kuongea!"

Walipotoka hospitalini, wageni walikuja tena.

"Muonjaji wetu iko wapi?" mmoja aliuliza. "Ao leo kuko sumu?"

Papa alimimina, akanywa mwenyewe. "Muonjaji ni mimi. Mwenye kuogopa, maji iko pale."

Wawili waliondoka wamekasirika. Papa hakuwafuata.

Haikuwa rahisi. Usiku Uwamahoro alitetemeka. Siku moja walimkuta anavunja kufuli ya chumba cha pombe. Hawakumpiga. Walikaa naye, wakaongea, wakamrudisha hospitalini kwa muuguzi. Polepole kiu ya pombe ilipungua. Akarudi shule.

Mkono wa Cyusa ulipona, lakini ulibaki umepinda. Kila alipouona, Uwamahoro aligeuza uso.

Asubuhi moja Mama alimfuata uani, Cyusa mikononi, kitenge begani.

"Inama nikubebeshe."

"Mama, mimi? Haunaogopa?"

"Naogopa. Inama, mutoto iko muzito."