Kuku Aliyeatamia Maua

Tusekile alikuwa na mbegu tano za maua mekundu. Tano tu!

Bibi ndiye aliyempa. Maua mengine yote ya Bibi yaliliwa na mbuzi.
"Hizi ndizo za mwisho, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Zikifa hizi, basi tena."

Nje kuku wanachakura. Kwa hiyo Tusekile alizipanda ndani, jikoni, kwenye sufuria kuukuu iliyotoboka chini.

Akamwagilia. Chururu! Maji yakatokea chini.
"Aa! Inavuja!"
Akachukua tonge la ugali, akaziba tundu. Alijiona fundi kweli kweli.

Akachungulia. Zimeota?
Bado, bado, bado!

Akamwagilia tena. Asubuhi chururu. Mchana chururu. Jioni chururu.

Siku ya tatu, Mama akanusa. "Mh! Nini kinanuka hapa?"
Udongo ulikuwa uji. Ugali ulikuwa umechacha.

"Tusekile, mwanangu! Mbegu hazijui kuogelea!"
Mama akachomoa ugali. Pwaa! Maji yote yakammwagikia miguuni.

Mbegu moja ilikuwa imeoza, na nyingine imeoza vilevile. Zikabaki tatu. Tusekile akalia.
Mama akamfuta machozi. Wakaweka udongo mpya, wakapanda tena.

Sasa Tusekile hakumwagilia ovyo. Alifanya nini? Alifukua!
Kwaru kwaru kwaru. Zimeota?
Bado, bado, bado!

Akafukia. Akanywa chai. Akafukua tena.

"Ziache zilale," alisema Mama. "Wewe ukifunuliwa blanketi kila saa, utalala?"
"Sitalala, Mama."
Unafikiri aliacha? Thubutu! Kwaru kwaru kwaru.

Simu ikalia. Alikuwa Bibi. "Mjukuu wangu, zimeota?"
Tusekile akasema kwa sauti ndogo, "Bado, Bibi." Aliogopa sana. Je, zikifa zote?

Asubuhi kulikuwa na baridi kali. Tusekile akakimbilia jikoni kufukua.
Lo! Juu ya sufuria amekaa kuku! Ni Kishungi, yule mwenye manyoya yaliyosimama kichwani.

Kishungi alikuwa anaatamia. Yai hana hata moja. Anaatamia udongo!

"Toka, Kishungi!" Tusekile akanyoosha mkono.
Do! Kishungi akamdonoa. "Yalaa!"

"Hebu nipishe," alisema Mama. Akanyoosha mkono.
Do! "Yalaa!"

Kishungi alishuka mara moja tu kwa siku, kula haraka haraka. Hapo Mama alinyunyiza maji kidogo. Kidogo tu!
Tusekile alificha mikono mgongoni.

Udongo ukapata joto. Hakuna aliyefukua. Mbegu zikalala vizuri.

Siku moja, kwaa! Kishungi akaruka hadi mezani.
Kitu kilikuwa kinamtekenya tumboni!

Tusekile akachungulia. Zimeota?
Zimeota, zimeota, zimeota! Miche mitatu, midogo, ya kijani.
Tusekile akacheka, akaruka, akamkumbatia Mama.

Mama akaiweka sufuria kwenye dirisha la chumba cha Tusekile, miche ipate mwanga.
Kishungi akasimama chini, akaita, "Ko ko ko! Ko ko ko!"
Watoto wake hawakuja. Watoto gani hawa, hawana hata miguu?

Jumapili Bibi akaja. Akaona miche, akapiga vigelegele.
"Nani kaiotesha?"
"Mimi!" alisema Tusekile.
"Kwaa!" alisema Kishungi.
"Haya, sisi wawili," alisema Tusekile.

"Bibi, maua yatachanua leo?"
Bibi akacheka. "Bado, bado, bado!"

Usiku Mama akamfunika Tusekile blanketi. Taa ikazimwa.
Tusekile akanyoosha kidole kuelekea kwenye sufuria. Polepole. Afukue kidogo tu, aone mizizi.

Mle chumbani, chini ya dirisha, Kishungi akafumbua jicho moja.

Tusekile akarudisha kidole ndani ya blanketi.
Miche ikalala. Kishungi akalala. Na Tusekile naye, fofofo.