King'amuzi cha Marehemu

Rafiki yangu, mgane kama mimi, alikuwa na mashine moja ya kurekodi na ving'amuzi viwili: chake cha mpira, cha mkewe cha tamthilia. Mbele ya kila kimoja alibandika kijitaa ambacho mashine ilikitumia kubadili chaneli badala ya rimoti. Mkewe alipofariki, aliendelea kumrekodia tamthilia yake. Kuiacha aliona ni kumzika mara ya pili. Lakini kila jioni king'amuzi cha marehemu kilihamia kwenye mpira.

Alimpigia fundi.

“Labda kimechoshwa na vilio, mzee,” fundi alitania, kisha akajirudi. “Samahani. Bandua vijitaa, viweke mezani, uvitazame gizani kwa kamera ya simu. Mwanga wake macho hayauoni, kamera huuona. Kitakachowaka king'amuzi kikihama ndicho kibovu.”

Alifunga mapazia, akafunika runinga kwa shuka, akabaki na sauti tu. Mwanamke wa tamthilia alikuwa akilia. Mara king'amuzi kikafanya tik, na kelele za uwanja zikajaa chumbani. Aliinua simu. Mezani hapakuwaka kitu. Akaigeuza polepole.

Mwanga mdogo wa zambarau ulikuwa ukimetameta juu ya kiti cha mkewe, usawa wa mapaja ya mtu aliyeketi na rimoti mkononi.