Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Majirani zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia mnaweza kuiona mkiwa ndani ya treni, kabla hamjaingia stesheni ya Itigi: mabati mapya, ukuta wa tofali za kuchoma, alizeti mpaka karibu na mlango. Asubuhi moja ya Ijumaa, Eliza alikuwa nje anapepeta mtama. Upepo ulikuwa wa kutosha, makapi yanaruka, punje zinabaki kwenye ungo. Mumewe Mughwai alikuwa amekaa kivulini anachuja asali aliyotoka nayo Rungwa wiki ile, huku anapiga mluzi. Ungepita ukawasalimia, ungeondoka ukisema hawa Mungu amewakumbuka.

Simu ikaita. Eliza akajifuta mikono kwenye kanga, akapokea. Alikuwa Mama Agnes, mlezi mkuu wa kituo cha watoto yatima kule Mandewa, Singida mjini.

"Mama Witness, hamjambo huko? Kesho tunakuja kwako. Kirsi, yule mzungu wetu wa kujitolea, amepata mgeni, rafiki yake anaitwa Leena, ametoka naye nchi moja huko Ufini. Ndiye yule anayemlipia Witness shule. Amemuuliza mtoto anataka zawadi gani, mtoto akasema hataki kitu. Anataka apelekwe kwenye kaburi la baba yake."

Eliza akageuka kumtazama Mughwai. Mughwai alikuwa analamba kidole.

Hapo, ndugu zangu, inabidi turudi nyuma kama miaka miwili na ushee, ili mjue kaburi hilo lilichimbwa na nani.

Mwaka ule mvua iligoma. Alizeti ilichomoza ikanyauka, mtama haukutoa hata cha ndege. Mughwai akabeba shoka na kamba akaenda kwenye mizinga yake Rungwa, na mnajua mtu akishaingia kule porini hata simu haishiki. Eliza akabaki na binti yao Witness, wa miaka sita. Unga ulipokwisha, akamchukua mtoto wakaenda Mandewa kutafuta vibarua. Huko akakutana na Stumai, rafiki yake tangu shule ya msingi, ambaye alikuwa anafua nguo pale kituoni.

"Wale watoto wanakula mara tatu kwa siku," Stumai akamwambia. "Shule wanasoma ya Kiingereza. Tatizo ni moja tu, wanapokea yatima."

"Witness ana baba."

"Yuko wapi? Umemwona lini?"

Ilikuwa mwezi wa nne hajamwona. Eliza hakujibu, na mtu akinyamaza mbele ya swali kama lile, ujue ameshaanza kukubali.

Sasa, kwetu msiba hauhojiwi. Mwanamke akitokea amenyoa kichwa, amejifunga kaniki, nani atamdai cheti cha kifo? Tunampa pole, tunaketi naye chini kimya, basi. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na Eliza akaifanya ngazi. Akanyoa nywele, akajifunga kaniki, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa ambaye hakumjua Mughwai wala ukoo wake. Mzee wa watu akavua kofia, akampa pole, akaandika barua. Wiki ile ile Witness akapokewa kituoni.

Mughwai alirudi msimu wa asali ulipokwisha, akamkuta Eliza ameshatangulia nyumbani. Akauliza nywele zimekwenda wapi, akaambiwa ni mapunye. Akauliza mtoto yuko wapi, akaambiwa amepata shule ya bweni mjini, wafadhili wanalipa kila kitu. Alifurahi hata akawachinjia majirani jogoo.

Mngeniambia kosa ni njaa, ningewasikiliza. Njaa naijua. Lakini sikilizeni lililofuata, kwa sababu hili sina pa kuliweka.

Mtoto alikuwa amefundishwa akiulizwa habari za baba aseme amekufa. Kila mara alikuwa anajisahau. Aliwaambia wenzake bwenini kwamba baba yake atawaletea asali kutoka Rungwa. Stumai akasikia, akampigia Eliza simu haraka. Basi siku ya kutembelea watoto ilipofika, Eliza alimketisha binti yake kwenye benchi nyuma ya jiko la kituo, akamshika mikono.

"Mwanangu, nilikuwa nakuficha. Baba amekufa kweli. Nyuki walimvamia huko porini."

Tangu siku hiyo mtoto hakukosea tena. Alilia siku mbili, chakula hakigusi. Aliyekaa naye ni Kirsi, yule binti wa Kifini aliyekuja kujitolea mwaka mmoja akajikuta anamaliza wa pili. Alitandika godoro lake chini kando ya kitanda cha Witness, akawa anamwambia kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwamba baba yuko mbinguni na anamwona.

Mwaka uliofuata mvua ikanyesha. Alizeti ikakubali, mabati yakapanda. Hapo Eliza angeweza kwenda kumchukua mwanawe, aseme mambo yametengemaa. Lakini kila akienda kumtembelea alirudi na unga, sukari, na kitenge cha kumfariji mjane. Mchovya asali hachovyi mara moja. Alisema atamchukua mwaka ukiisha. Ukaisha, akasema na huu nao uishe.

Na Mughwai simwachi hivi hivi. Aliuliza kwenda kumwona mtoto mara mbili. Mara ya kwanza akaambiwa likizo watoto wanasoma tuisheni, mara ya pili akaambiwa siku ya wazazi imeshapita. Akaridhika, akarudi kwenye mizinga. Mzazi gani huyo hajui hata lango la shule ya mwanawe lina rangi gani? Mzinga mmoja ukihamwa na nyuki alikuwa anajua siku ile ile.

Turudi kwenye simu. Eliza alisogea nyuma ya banda la kuku, akashusha sauti. "Mama Agnes, kaburi liko Rungwa ndani kabisa. Gari halifiki."

"Basi tutakuja nyumbani tu tutoe pole," Mama Agnes akasema. "Na aibu ni yetu, mama. Miaka miwili tunamlea mtoto wako, hatujawahi kuketi kwenye mkeka wako. Kirsi mwenyewe ndiye amenikumbusha kwamba kwa mfiwa mtu haendi mikono mitupu. Imebidi mgeni atufundishe."

Anayekuja kukupa pole utamfukuza kwa maneno gani? Eliza akasema karibuni.

Aliporudi kwenye ungo wake, Mughwai akamuuliza nani alikuwa anapiga.

"Watu wa shule ya Witness."

"Wanasemaje? Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Nikimaliza kuuza hii asali nakwenda kumwona. Safari hii hata wakinifukuza nitakaa pale nje. Nimemkumbuka sana mwanangu."

Nafasi ilikuwa ile pale. Wawili tu, hakuna wa kuwasikia. Angesema, "Baba Witness, nimekosa," angepigiwa kelele, pengine angerudishwa kwao mwezi mzima, lakini yangeishia ndani ya nyumba. Badala yake akamwambia kesho ni siku ya mnada, awahi Itigi mapema, wateja ni wengi. Alfajiri Mughwai akafunga ndoo mbili kwenye baiskeli, akaondoka.

Gari lilifika saa tano. Eliza alikuwa amepanga kuwakaribisha ndani wasionekane, lakini Mama Agnes ni mtu wa Iramba na mambo ya msiba anayajua. Alichukua mkeka mwenyewe akautandika nje mbele ya mlango, akaketi chini. Kirsi akaketi. Leena, mwanamke mrefu aliyejitanda kanga bila kuizoea, akakunja magoti yake kwa shida na kuketi pia. Akatoa mfuko wenye sukari na bahasha, akausogeza mbele kwa mikono miwili kama alivyoelekezwa.

"Mama, pole sana kwa kufiwa," Kirsi akasema. "Tumechelewa, utusamehe."

"Tumeshapoa," Eliza akajibu.

Witness alikuwa amejiegemeza kwa mama yake, anaangalia juu. "Mama, nyumba imekuwa nzuri. Baba aliyaona haya mabati?"

"Hapana mwanangu. Hakuyaona."

Wakanyamaza, kama inavyopasa. Leena alikuwa anafuta machozi, na machozi yake, niwaambie, yalikuwa ya kweli kuliko kitu kingine chochote pale mkekani.

Mughwai asali yake ilinunuliwa yote na mfanyabiashara mmoja kabla hata mnada haujachangamka. Akageuza baiskeli. Alipokaribia kwake akaona gari, akaona wanawake wamejitanda kanga, wameketi chini, hakuna anayezungumza. Akashuka mbali, akalaza baiskeli chini taratibu, akavua kofia. Alikuja polepole, akachuchumaa pembeni ya mkeka bila kumkazia mtu macho, kama tunavyofanya sote tukiukuta msiba.

"Poleni jamani," akasema. "Ni nani ametutoka?"

Eliza akavuta kanga, akajifunika uso.

"Tumekuja kutoa pole kwa kifo cha mume wa huyu dada," Mama Agnes akamjibu kwa upole. "Wewe kaka ni ndugu wa marehemu?"

Mughwai akamtazama huyo mama. Akamtazama mkewe. "Mume wa huyu dada ni mimi."

Witness alikuwa ameshainua kichwa tangu mwanaume yule aliposema poleni. Alikuwa ameijua sauti. Alimwangalia yule mwanaume kwa muda, kuanzia miguuni mpaka usoni, na hakumkimbilia.

"Baba," akasema, "kwani hukufa?"

"Sijafa, mwanangu. Nani amekwambia nimekufa?"

Mtoto hakunyoosha kidole. Aligeuka tu akamwangalia mama yake, na watu wote wakamwangalia huko huko. Leena akamshika Kirsi mkono, anataka atafsiriwe.

"Mimi nilikuwa nakuombea kila siku," Witness akamwambia baba yake. Kisha akasimama, akakung'uta gauni, akaenda akaingia kwenye gari na kufunga mlango. Mughwai akamfuata, akainama dirishani, akamwita jina lake mara nyingi. Mtoto alikuwa anaangalia magoti yake.

Kabla hawajaondoka, Kirsi alirudi mpaka mlangoni alikosimama Eliza. "Mama, mimi ndiye nilimbembeleza," akasema. "Nilimwambia baba yako yuko mbinguni. Umenifanya na mimi nimdanganye mtoto."

Mambo yalikwenda ustawi wa jamii, kama yalivyopaswa kwenda. Stumai akapoteza kazi. Leena akarudi kwao, na sijui huko alikofika aliwaambia nini watu kuhusu sisi. Baada ya miezi minne ya vikao, Witness akarudishwa nyumbani kwa wazazi wake. Mughwai mizinga amewaachia wadogo zake, siku hizi halali Rungwa. Hakumfukuza mkewe, lakini anamwambia yale ya lazima tu, chumvi imeisha, mbuzi amelegea kamba.

Mtoto ana heshima zake. Anaamkia, anachota maji, anafagia. Lakini mama yake akimwambia chakula kipo, anakwenda kufunua sufuria. Akimwambia leo shule hakuna, anatoka kwenda kuuliza kwa jirani. Hafanyi kwa kiburi. Ndivyo alivyozoea.

Masika haya yaliyopita, bibi yake mzaa mama alifariki kule Ikungi. Simu ilimkuta Eliza jikoni. Alitoka nje akamkuta Witness anachambua mlenda, akapiga magoti mbele yake, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, bibi ametutoka."

Witness akaendelea kuchambua.

"Umenisikia, Witness? Bibi amekufa."

"Nimesikia," mtoto akasema, anatupa bua pembeni. "Ngoja baba arudi nimuulize."

Funzo kwetu tunaolea

Wazazi wenzangu, kuishiwa si dhambi, na kuomba si aibu. Eliza angefika kwa Mama Agnes na shida yake ilivyokuwa, mtoto ana baba ila hatuna unga, angesikilizwa, na hata asingesikilizwa, njaa ile ingepita kama zilivyopita nyingine. Usimfanye mwanao yatima wakati ungali hai, wewe au mwenzako, kwa sababu ya unga, au shule, au mgeni aliyetoka mbali na moyo mzuri. Unachokiuza pale ni neno lako kwa mtoto, na mtoto hana mahali pengine pa kuanzia kuamini.

Nanyi akina baba, mtoto haachwi kwa habari za kuambiwa. Nenda ukamwone kwa macho yako.

Na sisi majirani tusijitoe. Tulikula jogoo wa Mughwai, tukafuta midomo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza shule yenyewe inaitwaje. Tungeuliza, Eliza leo angekuwa na mtoto anayemwamini.