Kabula Hasikii Harufu

Kabula aliamka akipiga chafya. Moja, mbili, hadi kumi na moja. Zamani mumewe Maganga alikuwa akimwambia "pole". Sasa alinyamaza tu. Angesema pole mara ngapi, jamani?

Waliishi kijijini, nje ya mji wa Bariadi. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Chumba cha pili kilijaa pamba hadi dirishani. Vumbi lake liliingia kwenye maji, kwenye unga na kwenye matandiko. Kabula alichambua pamba hiyo huku pua ikimtiririka. Usiku pua iliziba kabisa, akalala mdomo wazi. Alikuwa hivyo kwa miaka tisa. Na kwa miaka mitatu ya mwisho hakusikia harufu yoyote. Mboga ikiungua jikoni kwake, jirani ndiye aliyepiga kelele.

Watu walinong'ona kwamba ana kifua kikuu. Alipimwa, hakuwa nacho. Wakaendelea kunong'ona.

Siku moja alisikia tangazo kanisani. Kliniki moja ya mjini ilitafuta watu wazima wenye mafua yasiyokwisha, kwa ajili ya utafiti wa dawa. Alikwenda. Akapokelewa na nesi aitwaye Philomena, mama mnene mwenye sauti ya chini.

"Mwangaluka, mayu," nesi alimsalimu Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka."

Walimpima. Kisha Philomena akamweleza.

"Una mzio wa pua. Pua yako inapigana na vumbi kama vile ni adui. Hauambukizi. Wala hujalogwa."

"Dawa mnayo?"

"Ndiyo tunaichunguza. Kundi moja linapewa chupa ya dawa ya kupuliza puani. Kundi jingine linapewa chupa ya maji ya chumvi. Chupa zinafanana. Hujui yako ni ipi. Hata mimi sijui."

"Hata wewe? Mbona mwaka huu nimekuja kwa vipofu!"

Nesi alicheka. "Nikijua, nitakuonea huruma. Nitaona nafuu ambayo haipo. Baada ya wiki nane tunalinganisha makundi. Hapo ndipo ukweli unaonekana. Hulazimishwi. Ukitaka kuacha, acha siku yoyote, na matibabu ya kawaida utapata."

Kabula alikubali, akaweka sahihi. Alipewa chupa na daftari. Apulize asubuhi na jioni, kisha aweke alama.

"Jambo moja," nesi alisema. "Chupa hii ni yako peke yako. Usimpe mtu."

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na kushika ni kingine.

Wiki ya pili Maganga alipeleka ng'ombe malishoni upande wa Lingeka. Wiki ya tatu binti yao Winnie, wa miaka mitano, alirudi kutoka darasa la awali akilia.

"Wananiita choo," alisema. "Hakuna anayetaka kukaa na mimi."

Kabula alimkagua kichwani, kwapani, miguuni. Mtoto alikuwa safi. Akamwogesha tena. Kesho yake mwalimu alimrudisha nyumbani na ujumbe: mtoto aoge kabla ya kuja shule. Kabula alikasirika sana.

"Wananichukia mimi, wanamtesa mwanangu!" alimlalamikia mama mkwe wake, Bibi Wilhelmina.

Bibi alikuwa mtu wa ugoro. Pua yake ilijaa ugoro asubuhi hadi jioni, naye hakunusa lolote. Lakini macho yake yalikuwa makali.

"Mtoto anatoka makamasi ya njano," alisema. "Amerithi pua yako. Sisi mama akichemshiwa dawa, mtoto naye alikunywa chungu hichohicho. Wewe unaficha chupa kabatini, mtoto anaumwa?"

Maneno hayo yalimchoma Kabula. Tangu siku hiyo akawa anampulizia Winnie. Kwenye daftari hakuandika kitu. Aliogopa kuondolewa kwenye utafiti, naye alitamani sana kupona.

Asubuhi moja ya wiki ya sita Maganga alirudi. Alisimama mlangoni, akakunja uso.

"Kuna panya amekufa humu ndani," alisema. Akaanza kupekua pamba.

Winnie alimkimbilia baba yake. Maganga alimbeba, akamnusa usoni. Akamtazama mkewe.

"Siyo panya," alisema taratibu. "Ni mtoto. Ni pua yake."

Kabula aliketi chini. Kwa wiki tatu alilala na mwanawe kitanda kimoja. Shule nzima ilijua. Mama mzazi hakujua. Alilia kwa sauti, wala hakuona haya.

Walikwenda kliniki asubuhi hiyo hiyo.

"Mmempa dawa gani?" aliuliza Philomena.

"Hakuna," Kabula alijibu haraka.

Philomena aliipokea chupa ya Kabula. Akaiweka kwenye mizani ndogo, kama alivyofanya kwa kila mtu wa utafiti.

"Chupa hii ni nyepesi mno, mayu. Ilitakiwa ifike wiki ya nane."

"Ilimwagika."

Nesi hakugomba. Aliandika uzito wa chupa. Kabula alimtazama Winnie, pua moja ikimchuruzika usaha. Kama daktari asingejua ukweli, angemtibu vipi?

"Nilimpulizia mtoto," alisema. "Kila siku. Nisamehe."

"Pua zote mbili zinatoka?"

"Hapana. Ya kulia tu."

"Basi huu siyo mzio. Mzio huchezea pua zote. Mtoto mdogo, pua moja, usaha na harufu mbaya: hapo kuna kitu kimeingia. Usichokonoe nyumbani, utakisukuma ndani zaidi. Siku nyingine mlete mapema."

Daktari alimulika kwa tochi. Maganga alimshika Winnie, aliyepiga mayowe. Mwishowe kikatoka kitu cheusi, kimevimba, na nyuzi zilizooza. Ilikuwa mbegu ya pamba.

"Nilikuwa nacheza," Winnie alisema kwa kwikwi. "Niliogopa utanichapa."

Kabula alimkumbatia.

Baadaye Philomena alimvuta pembeni.

"Sitakuficha, kosa hili nitaliandika. Dawa hii haijapimwa kwa watoto hapa. Tena, daftari likidanganya, tunaweza kuwapa watu wengi dawa isiyofaa, au kuitupa inayofaa. Lakini hufukuzwi kwa kusema kweli. Kweli ndiyo tunayoitafuta."

Kabula alimaliza wiki zake, akiandika kila kitu. Miezi ikapita, utafiti ukaisha. Wote waliitwa na kuelezwa makundi yao. Chupa ya Kabula ilikuwa ya maji ya chumvi. Waliopata dawa walikuwa na nafuu zaidi. Sasa na yeye alipewa dawa ya kupuliza.

Maganga alihamishia pamba kwenye kibanda cha nje. Kabula hufunga kitambaa puani na mdomoni akichambua, na hunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Chafya zimepungua. Analala mdomo ukiwa umefungwa. Winnie amerudi shule, na yuko mtoto mmoja anayekaa naye.

Lakini harufu haijarudi.

"Huenda ikarudi, huenda isirudi," daktari alimwambia. "Umechelewa sana."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla Winnie hajaenda shule, Kabula humwita mumewe.

"Maganga, mnuse mtoto."

Maganga huinama, akaweka uso wake kwenye uso wa binti yake.

"Anatoa harufu gani?"

"Ya sabuni," Maganga husema. "Na moshi kidogo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kabula humshika Winnie kichwani, akamwachia aende.