Mtungi wa Kitanda cha Pili

Kazi ya mitungi ya oksijeni sikuisomea. Nilijifunza mwenyewe, kwa spana na vidole kuchubuka. Cheti sina, lakini longolongo pia sina. Nikikwambia mtungi umejaa, umejaa.

Jioni ile, jua linazama, nilisukuma kigari hadi chumba cha mahututi. Mtungi mmoja. Tuliagiza tisa.

Sista Mkuu alinisubiri mlangoni, macho mekundu juu ya barakoa aliyoivaa siku ya nne.

"Mmoja?"

"Usinifokee mimi, Sista. Kamfokee anayeleta."

"Haya. Peleka kitanda cha pili, kwa yule mama, Mwalimu."

"Na cha tano?"

Kwenye cha tano alilala mdogo wangu, tumbo moja. Sista alijua.

"Mama wa watu ana nafasi ya kupona, Fundi. Usinitazame hivyo."

Nikasukuma. Gurudumu moja linalia. Kwi... kwi...

Korido inapokata kona, harufu ya klorini ikanipiga puani. Muuguzi alikuwa amesimama, amenipa mgongo. Kwa barakoa na kofia, sote mle ndani tulionekana macho tu, kwa hiyo kila mtu aliandikwa jina mgongoni mwa gauni kwa maka peni. Yeye: KICHEKO. Gauni lilikuwa linachuruzika maji. Tip... tip...

"Peleka cha tano," alinong'ona bila kugeuka. "Mdogo wako anakuita. Humsikii?"

Nilimsikia.

Nikaufunga mtungi kwenye kitanda cha tano. Kifua cha mdogo wangu kikapanda, kikashuka. Nililia kama mtoto.

Nyuma ya pazia, Sista alimbonyeza Mwalimu kifua hadi mikono ikamwishia nguvu. Mwalimu hakuamka. Akanijia.

"Nani alikwambia ulete huku?"

"Dada Kicheko."



"Fundi... Kicheko tulimzika Jumanne."

Alinivuta hadi uani. Magauni yalikuwa haba. Tuliyafua, tukayaanika, tukayavaa tena. La Kicheko lilikuwa kambani, limelowa chapachapa. Labda kuna mtu alilivaa, akalirudisha. Labda. Niliwauliza wote, mmoja mmoja, na mimi huwa sibembelezi. Wote walikana.

Wala sijui kama nilisikia sauti, au nilisikia nilichotaka.

Kesho yake jioni, mtungi mmoja tena.

"Cha tano," alisema Sista bila kunitazama. "Cha pili kitupu."

Mtungi wa jana ulikuwa unaishia. Nikasukuma mbio. Kwi, kwi, kwi. Kwenye kona...

Klorini.

Gauni lile lile. Jina la Kicheko limekatwa mstari, kama tunavyofanya gauni likipata mwenyewe mpya. Chini yake, wino mbichi:

MWALIMU.

Hakufoka. Heri angefoka.

"Fundi... mtungi wangu uko wapi?"

Mimi ukweli huwa nausema hata ukiniuma. Lakini pale niliinamisha kichwa, nikasukuma nimpite.

Kigari hakikwenda.

Nikakitia bega. Nikatukana. Nikaomba. Mkono uliolowa ulikuwa umeshika mtungi upande wa pili, umetulia, kama wa mtu aliyeshika kilicho chake.

"Mdogo wako anakuita," alinong'ona. "Humsikii?"

Nilimsikia.

Hadi alipoacha kuniita.